Deni Lisilo na Uso

Benki walinipa kadi, ilikuwa Ijumaa,
Na karani akanadi: "Leo wewe ni shujaa!"
Nikasaini ahadi, bila miwani kuvaa,
Jina langu likang'aa, tarehe imo pembeni.

Semkiwa wa mizigo, bandarini nakagua,
Kipato si cha vigogo, ila wali twapakua,
Mke ana duka dogo, Makorora wanajua,
Ukikopa, Mwanamvua hukutazama usoni.

Humwandika kwa kalamu: jina, siku, na kiasi;
Unga kilo, Mwanahamu; mafuta nusu, Abasi;
Hupiti bila salamu mlango wake kwa kasi,
Hana wakili, polisi; ana haya ya jirani.

Kadi haijui macho, haikuulizi kazi,
Nikabeba nipendacho, makochi hata ya ngozi,
Na runinga ya kijicho, upana wa jamvi wazi,
Nilichanja kama mwizi aibaye kwake ndani.

Jirani wakafurika, kuja tazama mpira,
Na soda zikafunguka, kwa hesabu ya hasara,
Nikasifiwa, nacheka, kama nimeshinda kura,
Mwanamvua, kwa busara, akauliza: "Za nani?"

Mwezi ukaja ujumbe: "Lipa hiki, kinatosha."
Nikaitupia chembe, nikadhani limekwisha;
Kumbe riba kama wembe: inanyoa, yachekesha,
Kila tarehe ikisha, naona damu shingoni.

Nikachukua nyingine, kadi ya kulipa kadi,
Simu nayo, mara nne, ikanipa bila hodi,
Nafukia shimo nene, nikichimba la zaidi,
Mwezi mzima sirudi kwangu mapema jioni.

Wakawapigia watu waliomo simu yangu,
Abasi, mdeni wetu, akapata jina langu;
Hakucheka, hata katu, akamwonyesha mwenzangu,
Kisha akalipa fungu, deni lake la zamani.

Niliporudi usiku, hakupiga makelele,
Akalitandaza buku kwenye debe la mchele,
Akaniandika, huku akinitazama vile:
"Taja, la huku na kule, usibakishe moyoni."

"Milioni tatu, laki saba," nasema kwa haya.
Yeye wala hashituki, ajumlisha mabaya.
"Runinga haitabaki, na makochi, yote haya;
Tuanze na riba mbaya, ndogo zikae foleni."

Kochi likaenda Duga, runinga ikenda Chuda,
Tukala wali na mboga, samaki akawa shida,
Kilichobaki ni woga, hata ni simu ya dada,
Mwaka mmoja na muda tulipigana na deni.

Karani akapigia: "Kikomo tumepandisha!"
Shetani kaniambia: "Cha mwisho, halafu kwisha."
Mwanamvua kasikia, simu akaiondosha:
"Ahsanteni, yametosha, kikomo kipo nyumbani."

Kadi moja akakata, ya pili akaiacha
Kwenye kopo la mafuta, ndani ya lile pakacha:
"Itumie ukipata pesa umekwisha ficha,
Na kabla haijakucha tarehe, zirudi ndani."

Juzi nimeichukua, mara moja, si ya pili,
Miwani nikanunua, pesa ninayo, kamili;
Usiku nikafunua mkataba wa awali:
Herufi ndogo, mithili ya sisimizi njiani.

Yote yalikuwa mle, hawakudanganya mtu.
Meli nzima, tani tele, nimekagua za watu;
Karatasi yangu ile, moja, si mbili, si tatu,
Niliiona si kitu, nikatia mkobani.

Mwanamvua hajafuta jina langu, ukurasa;
Deni tumelikung'uta, hatudaiwi kwa sasa;
Nikiuliza, hupita, mzani akipangusa:
"Liache hapo kabisa, nikutazame usoni."