Kufa, Kufaa

Miaka thelathini na moja nilipiga chapa
mahakamani Kisumu, ghorofa ya pili,
nikinakili viapo, talaka, mipaka ya mashamba ya Ahero.
Siku moja kidole kilisinzia.
Hakimu alisema: alipe ng'ombe wawili wa kufaa.
Nikachapa: wa kufa.
Mdaiwa, mjanja wa Kano, alitii hukumu neno kwa neno,
akaleta mafahali wawili wanaokoroma juu ya mkokoteni.
Hakimu alicheka hadi akavua miwani.
Mimi nilikatwa mshahara wa siku mbili.

A moja tu.

Leo Bi. Kageha wa maabara ananisogezea hadubini.
Damu ya mjukuu wangu:
chembe nyingine duara, nyingine zimepinda,
miundu midogo isiyo na mpini.
Anasema katika kitabu cha damu hii,
neno la sita, herufi ya kati,
palipokuwa A pamesimama T.
Si chira, anasema,
na anayenong'ona chira huko Nyalenda aje hapa achungulie.
Ni mnakili tu, zamani sana, alipitiwa.
Nikanyamaza. Nawajua wanakili.

Halafu akanitoboa kidole na mimi.
Unayo moja, akasema. Ukampa binti yako.
Baba mtoto naye alikuja na yake.

Moja!
Nikakumbuka masika ya mafuriko,
mto Nyando umelala ndani mwetu,
mbu wengi kuliko maneno ya matanga.
Homa ilimchukua Obara, ikamchukua Akumu,
ikarudi usiku wa tatu kunitafuta,
ikanigusa, ikaniacha.
Mama alidhani ni ukaidi wangu.
Kumbe ni lile kosa,
limejilaza mlangoni kama mbwa, halikulishwa na mtu.
Na mbwa huyohuyo leo, wakiwa wawili,
wanamla mtoto wa nyumba.
Kufa kufaana: nimeitamka mara ngapi
bila kujua kwamba inasema damu.

Usiku Owaka anawaka viungo vyote.
Namkanda magoti kwa maji moto,
nampa kikombe cha tatu, kidonge cha njano.
Sina kifutio cha kufika huko.

Alfajiri, maumivu yamelegea, ananiletea daftari jipya:
niandike jina.
Naandika kwa mkono, polepole, naangalia mara mbili.
"Dani," anacheka, "umeandika Owakaa.
A imezidi."

Iache, namwambia.
Kuna mahali inadaiwa.