Kidato cha Tisa

Nimekuja Mikindani na futi kamba,
daftari la mistari, kofia ya ofisi,
kupima kisima ambacho Hirji, mwashi wa Kachi,
alikichimba kama nyumba iliyopinduliwa:
paa lake maji, mlango wake mbingu,
na ngazi za matumbawe zashuka, zashuka,
hadi jua lenyewe laomba njia.

Kwao, nasikia, vipo vikubwa zaidi,
orofa saba kwenda chini, nguzo zimechongwa tembo.
Hapa hakuna tembo. Hapa pana chokaa,
boriti moja ya mkoko juu ya kiambaza,
na tausi aliyeanzwa asimalizwe,
shingo bila kichwa.
Labda pesa ziliisha. Labda homa.

Fomu inauliza: kina cha kidato?
Naandika, nafuta.
Kila jiwe limelika upande wa kushoto,
bakuli lililochimbwa na visigino,
maana mkono wa kulia ulishika mtungi kichwani
na bega la kushoto likaegemea ukuta.
Fomu haina mahali pa visigino.
Naandika: wastani, sentimita ishirini na nane.

Cha tisa kinacheza.
Nilipokikanyaga kilisema ko!
sauti ikazunguka ukutani, ikashuka majini,
ikarudi imelowa.
Wino mwekundu: KIKAZWE. Saruji, mifuko miwili.

Bomba la mtaa, leo siku ya tatu, linakohoa hewa.
Ndipo aliposhuka Bi Somoe Nangumbi,
dumu la njano mkononi, hatazami chini,
saba, nane,
akaruka,
kumi.
"Shuleni sikufika hata kidato cha kwanza," alisema,
"lakini hivi ishirini na vitatu nimehitimu vyote,
na cheti ninacho."
Akanionyesha goti.

Nikamuuliza habari za cha tisa.
Akacheka mpaka dumu tupu likacheka naye.

Kumbe Hirji alikiweka imara kama vingine.
Wanawake waliooga huku chini magharibi
ndio walioikwangua chokaa yake
kwa ulimi wa mbuzi ya nazi,
ili mwanamume asiyejua kupiga hodi
apigiwe na jiwe.
Asubuhi fundi akakikaza. Usiku wakakilegeza.
Mara tatu.
Mara ya nne alikuja na mwiko wake,
akaketi juu ya cha nane, akawaza,
akatia mwiko kikapuni, akaenda zake.
"Bibi yangu alisema," akasema Bi Somoe,
"siku hiyo ndiyo kisima kilikwisha kujengwa."

Akapanda, dumu kichwani,
bega ukutani, pale pale palipolika.

Nimeikata ile mifuko miwili.
Mkuu wangu atauliza, na kisanduku cha SABABU
upana wake ni kidole kimoja.

Nikarudi chini kufuata futi niliyoisahau,
na mguu, mjinga, ukatua papo hapo:
ko!
Chini hapakuwa na mtu, nina hakika,
nilikuwa nimetazama kila pembe.
Hata hivyo nilisimama, nikageuza uso,
nikapiga hodi.