Kumi na Saba, Ishirini na Moja

Ngamiani, saa nne asubuhi, nyumba inauzwa.
Chumba futi kumi kwa kumi na moja.
Dalali Semhando kaninong'oneza mlangoni:
"Umeleta ile lenzi inayokuza vyumba?"

Ninazo mbili.
Ya kumi na saba ina jicho la chura,
limetokeza mbele, kifuniko hakiliwezi,
na ndani, ukingoni, kuvu imetambaa kama lesi.
Niliinunua kwa mhandisi wa reli aliyekuwa akihama,
pamoja na friji.
Ya ishirini na moja ni fupi, nzito, haina makeke.
Kitako chake huzama ndani ya kamera
mpaka karibu na pazia la shata,
kila nikiifunga nazuia pumzi.
Hiyo haikuzi kitu. Mstari ukiwa mstari, ni mstari.
Ila pembeni hutia kiza,
kama chemli iliyopungua mafuta.

Filamu ilibaki picha tisa.
Ilitoka Mombasa ndani ya soksi ya mtu,
muda wake umepita miaka sita.

Bi Mwanakhamisi alikataa kutoka.
"Pigeni tu. Na mimi ni samani."
Akakaa ubavuni kwenye kigoda,
mkono juu ya goti.

Nikaanza na ya ishirini na moja.
Nikarudi nyuma, nikarudi,
hadi ukuta ukaniambia basi.
Dirisha likaingia. Bibi akaingia.
Mwimo wa mlango haukuingia,
ule wenye alama za penseli
za watoto waliopimwa kila Idi:
Shee, Rehani, Mwanamkuu,
na mmoja asiyeandikwa jina
aliyeishia chini ya bawaba.

Nikaifunga ya kumi na saba.
Kila kitu kikaingia,
hata ncha ya kiatu changu.

Usiku, chini ya taa nyekundu,
nilizilaza mbili sambamba kwenye sinia la maji.
Miaka ishirini na mbili ya kazi hii
nikiamini lenzi pana ndiyo inayoona zaidi.
Haioni zaidi.
Inakopa katikati, inalipa pembeni.
Dirisha lilikuwa limekimbilia mbali, dogo kama stempu,
dari imebinuka,
na mkono wa Bi Mwanakhamisi, uliokuwa gotini,
umevutika kama ugwe wa mkonge
kuelekea kwenye mwimo.

Asubuhi walikuja wote wawili studio.
Semhando aliitazama ya kumi na saba akapiga mluzi.
"Huu ukumbi wa harusi!"
Akatoka nje kumpigia simu mteja.

Bibi alivaa miwani.
Aliitazama ya ishirini na moja kidogo tu,
kama mtu anayehakikisha chenji.
"Hiki ndicho chumba."
Kisha ile nyingine, muda mrefu,
mpaka chai yangu ikapoa.
"Kumbe nafasi ilikuwepo," akasema,
"na sisi tulilala mzungu wa nne."
Sikujua kama acheke au nicheke mimi.

Akaweka kidole juu ya karatasi.
"Huu mkono, mimi sikuunyoosha."
"Najua, bibi. Ulikaa ukingoni.
Lenzi hii humvuta aliye ukingoni."
"Basi imejuaje pa kuuvutia?"

Ningeweza kumweleza pembe, kioo, tundu.
Nikanyamaza, maji yakadondoka kwenye sinki.

"Nikatie," akasema. "Mkono na ule mti.
Ukumbi mwachie Semhando."

Nikatwaa rula na wembe.
Kipande hakikuzidi kiberiti.
Akakitia kwenye pochi, pamoja na kadi ya kliniki.
Ya ishirini na moja hakuichukua;
alisema hicho chumba anakijua kwa kichwa.

Semhando aliporudi aliinua picha kwenye mwanga.
"Pembe hii imeliwa na nini?"

"Kuvu," nikamwambia.
"Lenzi hii ina kuvu."