Zamu ya Chumba cha Sita

Dada wa uhamiaji alipokea dola zangu hamsini,
akagonga muhuri, akatabasamu:
"Kiswahili unakijua, kaka. Ulijifunzia wapi?"
Nilitaka kusema: tumboni.
Nikasema, "Magomeni,"
akacheka kama mtu aliyetaniwa na mgeni.

Leo usiku wa tatu, chumba cha sita,
chumba alichofia baba,
kinanuka rangi mpya na, chini ya rangi, mafuta ya karafuu.
Ukumbini mita ya Luku inalia
ti, ti, ti:
zimebaki uniti mbili.
Wapangaji wamelala. Au wamenyamaza,
kila mmoja akimsubiri mwenzake
awe wa kwanza kusikia.

Dada yangu Mwanahawa hataki maneno mengi.
"Mnunuzi ataibomoa, aweke ghorofa nne,
chini duka la dawa.
Sema unarudi, tusiuze.
Sema hurudi, tugawane.
Ila usiniambie 'tutaona', Shomvi.
Miaka ishirini na saba tumeishi kwa 'tutaona' yako."

Na tiketi yangu ni ya siku tisa zijazo.

Oslo nafua mashuka ya hospitali.
Nayajua mashuka kuliko niwajuavyo watu:
la mzazi, la mzee, la aliyeondoka alfajiri.
Nikirudi usiku, taa ya ngazi huwaka yenyewe ikiniona.
Haijawahi kuniuliza natoka wapi.
Wakati mwingine hilo lilikuwa rehema,
wakati mwingine nilikaa ngazini, bila kutikisika,
mpaka ikasahau kuwa nipo, ikazima.

Baba nilimzika kwa simu.
Mtu fulani alishika kamera, mkono ukimtetemeka;
nikaona kanzu, migongo, udongo, kisha anga tupu,
kisha chaji ikaisha, yangu si yao.

Kinyozi wa mtaani kaniambia, wembe shingoni,
"Mwacha asili ni mtumwa."
Sikubishana na mwenye wembe.
Lakini niliondoka na swali lake la pili, ambalo hakuliuliza:
na asili ikikuacha wewe, ikapaka rangi, ikapangisha?

Jioni Sanura kapiga simu, mwanangu, mzaliwa wa kule:
"Baba, unarudi lini?"
Mwanahawa, akipepeta mchele uani: "Unarudi lini?"
Neno lile lile.
Mashine zilipoharibika mwaka ule wa baridi kali
tulikamua mashuka kwa mikono, wawili wawili,
huyu anasokota kulia, yule kushoto,
na maji yanatoka katikati.

Ti, ti, ti.

Nimevaa kandambili za baba. Zinanitosha, jambo ambalo sikulitarajia.
Mangi hajafunga.
Namba ya mita sihitaji kuisoma popote:
miaka kumi na miwili nimeinunulia nyumba hii umeme
nikiwa mbali, kwa simu, kabla ya zamu ya usiku;
nimeuwasha ukumbi ambao sikuwamo.

"Za shilingi ngapi?"

Hapo ulimi ukakwama.
Elfu tano ni siku tatu, Mwanahawa ameshanifundisha.
Siku tisa, basi, elfu kumi na tano.
Hesabu ya mtoto wa darasa la tatu,
na mimi nimesimama mbele ya nondo za duka
kama niliyeulizwa jina la Mungu.

Nikampa elfu hamsini.

Akaninyanyulia macho. "Umehamia?"
"Nipe kwanza namba."

Tarakimu ishirini. Nilikosea mara moja, nikaanza upya,
kidole kikitafuta vitufe gizani.
Mita ikanyamaza.
Kimya kikaingia vyumbani kama mtu mwenye ufunguo,
na nyuma ya pazia la chumba cha tatu
sauti ya mwanamke, nzito kwa usingizi, au kwa kujifanya:

"Nani kanunua?"
"Mimi."
"Mimi nani?"

Nikahesabu milango, kushoto, kulia.

"Chumba cha sita."

"Haya, chumba cha sita. Zikiisha hizo, zamu yetu."