Shingo ya Mfaa

Nyanje aliniletea gita lake limefungwa kwenye leso ya mkewe,
shingo imepinda kwa unyevu, nyuzi zimenyanyuka
hata kidole huchoka kabla ya kufika kwenye mti.
"Mimi ni fundi wa milango," nikamwambia.
"Na shingo je? Si ndipo sauti inapopitia?"

Nilikuwa na kipande cha mbambakofi,
mfaa wa nyumba iliyobomolewa Kibokoni.
Uso wake wenye maua nilishauchana, nikamuuzia mwenye hoteli;
ukabaki mgongo, usio na nakshi wala mnunuzi.
Miaka sabini umegongwa na komeo,
miaka sabini umesikia hodi, na karibu,
na mara nyingine kimya cha mdaiwa aliyejibanza ndani.
Mkavu, kama kauli ya shahidi.

Siku tisa. Mbambakofi hauchongwi, hubembelezwa.
Shingo ya kwanza ilikuwa ya mti wa ng'ambo,
mweupe kama muhogo uliomenywa.
Hii nyekundu, nzito: ukiliachia gita mkandani
kichwa chashuka
kama cha mtu anayesinzia kwenye hotuba.

Tukachomeka waya. Nyanje hakugusa vifundo:
trebo saba, midi tano, besi nne,
vile vile apigavyo Mikindani kila Ijumaa.
Uzi mmoja tu.
Lo! Sarafu kwenye sakafu ya sementi.
Paka watatu wakachomoka chini ya meza kwa pamoja.
Akashusha trebo hadi nne. Bado kali.
Tatu. Akapandisha midi, akaongeza besi kidogo,
kama atiaye tui mchuzi uliozidi ndimu,
mpaka noti ikakaa,
ikakaa,
nikahesabu kumi na nne ndipo ikafa.

Shekue, fundi wa redio, akacheka.
"Sumaku husikia uzi, jamani, haimsikii seremala.
Ni vifundo hivyo, na spika,
na masikio yenu yanayojipendekeza."
Tukamgeuza uso ukutani.
Nyanje akapiga hili, akapiga la kuazima la binamuye,
mara saba. Shekue akapatia nne.
"Nne ni bahati."
"Nne ni nne," nikasema.
Lakini usiku ule sikulala vizuri,
maana zamu yangu, macho nimefumba,
mimi niliyelichonga,
nilipatia tatu.

Nyanje hakutaka hesabu zetu.
Alikuwa akipitisha dole gumba nyuma ya shingo,
pale nilipoacha kovu la komeo bila kulisugua.
"Hapa," akasema. "Mimi nasikia hapa."

Ijumaa, ujumbe kwenye simu:
*Trebo tatu na nusu. Saa nne stima ikafifia, nikaiweka tano.
Kabla ya kuanza naugonga mti mara mbili kwa kidole.
Leo mama mmoja meza ya mbele
ameitikia: karibu.*