Siku Nne

Kwenye yadi ya Igoma, ukutani pa ofisi,
kuna ubao wa misumari kumi na miwili.
Haukuandikwa majina. Hauna haja.
Kila dereva anaujua msumari wake
kama mtoto anavyoijua nafasi yake kwenye sinia.

Msumari wa kwanza ulikuwa wa mzee Luhende,
na ufunguo wake ni wa Skania yenye kiyoyozi,
ile inayopeleka magodoro Magu:
mzigo usio na uzito, usio na harufu,
saa tisa mchana mwenyewe ameshaoga.
Wa kumi na mbili ulikuwa wangu.
Fuso, mlango umefungwa kwa waya,
dagaa wa Mwaloni, gunia juu ya gunia,
na nikirudi Kishiri usiku
paka wa mtaa mzima wananisindikiza.

Juu yangu, Bugumba.
Si kwamba barabara anaijua kuliko mimi.
Gia anazikwangua,
kona ya Buhongwa anaichukua kama anafyeka nyasi.
Tuliajiriwa kwa karatasi moja, mhuri mmoja.
Yeye aliripoti Alhamisi.
Mimi Alhamisi hiyo nilikuwa kwenye meli ya Nansio
nikienda kumzika bibi,
nikaripoti Jumatatu
udongo wa Bukindo bado uko kwenye kucha.

Siku nne.
Bi Minza wa ofisi aliziandika kwa wino wa buluu
na wino ule, ajabu, haupauki.

Mmoja alihamia Shinyanga, tukapanda.
Mmoja macho yalimkataa, tukapanda.
Yeye wa tisa, mimi wa kumi.
Yeye wa tano, mimi wa sita.
Ikija Isuzu, anachagua Bugumba.
Likizo ya Desemba, anachagua Bugumba.
Mimi napokea alichokiacha:
kiti kilichobonyea kwa makalio yake,
usukani uliolainika pale anaposhika yeye,
redio iliyoganda kwenye stesheni yake.
Miaka tisa nakalia umbo la mtu mwingine,
na mgongo wangu umeanza kulizoea.

Aliye juu mngoje chini, walisema.
Hawakusema utamwona akishukaje.

Mzee Luhende alishuka Jumanne moja ya Machi.
Mguu mmoja kwenye kipandio,
wa pili ukaitafuta ardhi,
ukaitafuta tena,
kama mtu anayeteremka kisimani gizani.
Nikampa bega.
Alikuwa mwepesi kama mzigo wake.
Ufunguo aliutundika mwenyewe,
akasimama akiutazama msumari,
si ufunguo, msumari,
kisha akauliza kama kuna chai.

Usiku ule nilikula nikashiba. Nasema ukweli.
Kitandani nilihesabu funguo zikisogea,
kwa huyu, kwa yule, kwa Bugumba, kwangu,
na aibu ilinifikia baadaye, karibu na alfajiri,
ikipanda mlima taratibu kama gari lililozidisha mzigo.

Asubuhi, ubaoni,
Bugumba wa nne.
Mimi wa tano.

Leo kaletwa kijana, Mayenga,
shati limepigwa pasi, leseni bado inang'aa.
Nimemwonyesha Fuso.
Mlango, inua kwanza ndipo usukume.
Breki, kanyaga mara mbili, ya kwanza ni salamu.
Harufu ya dagaa, sugua kwa majivu na ndimu,
haitoki, ila mkeo ataona umejaribu.
Alikuwa anaitikia
lakini macho yake yako ubaoni,
yanapanda msumari kwa msumari,
nami nikayatambua macho yale.

"Kaka," akasema, "wewe ulianza lini?"

Bugumba alikuwa upande wa pili wa yadi
akipima upepo wa matairi, akipiga mluzi.
Bi Minza ameinamia daftari lake.
Nikataja mwaka.
Nikataja mwezi.
Nikasema Alhamisi.