Kujaribu Meli

Zamoyoni ametuma picha kwenye simu:
meli nyeupe, ghorofa kumi na nne,
juu kabisa bwawa la kuogelea.
Nikacheka. Maji juu ya maji,
kama kwenda kisimani na ndoo iliyojaa.

"Mama, siku saba, wewe na baba.
Chakula humo humo, muziki humo humo,
mnalala Durban, mnaamka Maputo.
Jaribuni tu."

Chini ya picha, bei.
Nikavua miwani, nikaifuta, nikaivaa tena.
Bei haikupungua.

Nyumba yetu ya Chanika imeishia kwenye lenta
tangu mwaka aliostaafu Kondo.
Ndani yake umeota mpapai,
umeshazaa mara mbili,
wala haujui kwamba pale ni sebuleni.

Kondo hakusema ndiyo, hakusema la.
Miaka thelathini na moja alihesabu mizigo bandarini,
saruji, ngano, magari ya mitumba,
kalamu sikioni, daftari mkononi.
Meli alizijua kwa matumbo yao,
hakuna aliyoijua kwa kitanda.
"Meli ni ghala," alisema, "ghala linaloyumba."
Kisha usiku, taa imezimwa:
"Hivi humo wanakupa taulo,
au unakwenda na lako?"

Jumamosi nikamwambia, vaa ile suti ya sendofu.
Nikakaanga sambusa, nikafunga chupa ya chai,
nikatoa kitenge ambacho mshonaji alikileta
na sikukuu ikawa imeshapita.
Tukashuka Magogoni, tukapanda pantoni,
shilingi mia mbili kwa kichwa.

Safari ya kwanza tuliiita Jumatatu.
Tulisimama kati ya bajaji na matenga ya kuku.
Ng'ambo wakatushusha.
"Hapa ndipo Maputo," Kondo akasema,
akanunua korosho za kupeleka nyumbani.
Tukazunguka, tukapanga foleni, tukalipa, tukarudi.
Jumanne tulipata benchi.
Jumatano tulikula sambusa tukiwa katikati ya maji
na upepo ukanivua ushungi
nami sikuukimbilia haraka.

Alhamisi Kondo, mtu wa bandari,
akaanza kubadilika rangi.
Akasema ni korosho.
Akasema ni moshi wa lori.
Akatapika ndani ya mfuko wa sambusa,
suti na yote.

Kijana wa tiketi akatuuliza,
"Bibi, mmepoteza kitu huko ng'ambo?"
Nikamjibu, "Tuko likizo."

Ijumaa pantoni ikazuiwa.
Meli kubwa inaingia, subirini.
Ikapita karibu yetu, nyeupe kama hospitali mpya,
ikatunyang'anya jua,
na huko juu watu wameegemea vyuma
wakitupiga picha,
nasi tukiwapiga picha,
kila upande umeshika simu, hakuna anayesalimia
ila kijana mmoja mwenye kitambaa na ndoo
aliyekuwa anafuta vyuma vile vile.
Yeye alipunga mkono.
Nikampungia mpaka bega likauma.
Nyuma yake mama wa rika langu,
kofia pana, miguu juu ya kiti,
hafanyi lolote.
Hafanyi lolote kabisa!
Sikumwonea wivu wa meli.
Nilimwonea wivu wa ile miguu.

Tuliishia hapo Ijumaa. Jumamosi na Jumapili zimebaki,
Kondo alikuwa ameketi chini, Magogoni,
ananusa ndimu.

Usiku nikamwandikia Zamoyoni,
polepole, kwa kidole kimoja:
Tumejaribu. Baba yako hafai.
Mimi nafaa.
Ulizia kitanda cha mtu mmoja ni kiasi gani,
na kama wanakubali kulipwa kidogo kidogo.
Mpapai uacheni kwanza.

Kondo alisoma juu ya bega langu,
akanyamaza muda mrefu, akajifunika shuka.
Nikadhani amelala.

"Taulo lao likiwa zuri," akasema,
"waulize wanauzaje."